Mshahara na Kipato cha Pembeni



Azimio la Arusha la 1967 lilimkataza kiongozi, akiwemo mtumishi wa Serikali wa ngazi ya kati, kupokea mishahara miwili. Azimio la Zanzibar la 1991 lililegeza sharti hilo, na leo mwalimu mwenye genge au cherehani hanyoshewi kidole.

Mchuuzi ambaye mauzo yake hayazidi shilingi 4,000,000 kwa mwaka hatozwi kodi ya mapato. Lakini nafuu hiyo ni ya anayeishi kwa biashara peke yake. Mwenye mshahara haimhusu. Ni haki, kwani mvua ikikosekana pamba hukauka, mshahara haukauki. Na saa za darasani zimekwisha kulipiwa na mkulima huyo huyo.