Chuo Kikuu Kisiwe Neema ya Walanguzi

Gihosha inapakana na Mutanga, ilipo mojawapo ya kampasi za Chuo Kikuu cha Burundi, chuo kilichoanzishwa mwaka 1964. Palipo na wanafunzi pana wapangaji, na palipo na wapangaji kiwanja hupanda bei. Hilo si ajabu, wala si kosa.

Kosa ni pale mtu mwenye fedha anaponusa mpango wa Serikali kabla haujatangazwa, akamwendea mkulima asiyejua lolote, akanunua shamba kwa bei ya mihogo, kisha akaliacha pori akingoja kuliuza kwa bei ya lami. Mtu huyo hakulima, hakujenga, wala hakufundisha hata mtoto mmoja. Faida yake yote imetokana na barabara, maji na umeme vinavyolipiwa kwa kodi ya wananchi, akiwamo mkulima yule yule aliyeghilibiwa.

Jirani zetu wa Kenya walilitambua jambo hili. Mwaka 2009 Serikali yao ilinunua ekari 5,000 za ranchi ya Malili ili kujenga Konza, mji wa teknolojia uliokusudiwa kuwa na chuo kikuu ndani yake. Ili kuwazuia walanguzi, ukatengwa ukanda wa kilomita 10 kuuzunguka mji, ambamo uuzaji na ujenzi vilidhibitiwa. Nia ilikuwa njema. Lakini mji ulizinduliwa rasmi Januari 2013, na ujenzi ukaenda polepole. Wenye ardhi ndani ya ukanda ule wakalalamika kwamba wamefungwa mikono, hawawezi kuuza wala kuendeleza mali yao. Amri iliyotungwa kumzuia mlanguzi ikambana na mwananchi.

Basi tujifunze. Zuio la kuuza ardhi ni lazima liwekwe siku ile ile mpango unapotangazwa, na liwe na tarehe ya kukoma. Majina ya walionunua karibuni yawekwe hadharani, ili ijulikane nani aliitangulia habari. Na fidia itangulie tingatinga. Katiba ya Burundi ya mwaka 2018 inasema kuwa mali ya mtu ikitwaliwa kwa manufaa ya umma, fidia iwe ya haki na itolewe kabla. Nayo sheria ya ardhi ya mwaka 2011 imezipa tarafa uwezo wa kutoa hati kwa wenye ardhi ya kimila. Mkulima mwenye hati mkononi, anayejua thamani ya shamba lake, si rahisi kurubuniwa.

Ndugu wasikilizaji, wazee walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Chuo kikuu ni mgeni wa heshima. Lakini mgeni ambaye kuja kwake humfukuza mwenyeji, watoto wa mwenyeji huyo watasomea wapi?