Kutafuta Kosa Katika Programu: Hotuba kwa Wanafunzi wa Zamani



Nimeombwa nieleze kazi yangu ya kompyuta, nami nimechagua jambo moja tu: namna ya kutafuta kosa katika programu yenye njia nyingi za kulifikia jibu.

Programu za kawaida hufuata njia moja iliyopangwa na mwandishi. Lakini iko lugha iitwayo Prolog, iliyoanzishwa mjini Marseille, Ufaransa, mwaka 1972 na Alain Colmerauer na Philippe Roussel. Humo mwandishi huandika kanuni. Kompyuta hujaribu moja. Ikikwama, hurudi nyuma ikajaribu nyingine. Ni kama mgeni anayetafuta nyumba Kariakoo: akikuta uchochoro umezibwa, hurudi njia panda akashika mwingine. Akifika nyumba siyo, huwezi kujua alipotelea wapi kama hukumwona akirudi.

Mimi yalinikuta. Miaka mingi iliyopita niliandika programu ya kupanga zamu za usiku za wauguzi. Kanuni ya kwanza ilisema: aliyefanya kazi mchana akataliwe. Ya pili ilisema: mwingine yeyote akubaliwe. Kwa majuma kadhaa orodha zilitoka sawa. Kisha karani akapanga majina upya, na muuguzi aliyeshinda kazini akapangiwa usiku pia. Bila kusita nikasema karani ndiye aliyekosea. Akaandikiwa barua ya onyo.

Ndugu Mwenyekiti, nyani haoni kundule. Mwaka 1980 Lawrence Byrd alifundisha kwamba kila swali katika Prolog litazamwe kama sanduku lenye milango minne: Kuitwa, Kutoka na jibu, Kurudiwa, na Kushindwa. Kifuatiliaji kilichojengwa juu ya wazo hilo, ambacho hadi leo kinatumika, huandika kila mlango unaopitwa. Nilipokiwasha, mambo yakawa wazi. Kompyuta ilikuta muuguzi amefanya kazi mchana, ikamkataa. Lakini kwake kukataa ni kushindwa tu. Basi ikarudi nyuma, ikashika kanuni ya pili, ikatoka na jibu: anafaa. Nilikuwa nimesahau alama moja, ile ya mshangao, ambayo katika Prolog hufunga njia ya kurudi. Kosa lilikuwamo tangu siku ya kwanza. Ila waliotangulia kwenye orodha ya zamani walikuwa wamepumzika mchana.

Ehud Shapiro, katika tasnifu yake ya Chuo Kikuu cha Yale ya mwaka 1982, alikwenda mbele zaidi. Chombo chake humwuliza mwandishi: jibu hili ni kweli? Na hili? Huendelea kuuliza hadi ibaki kanuni moja yenye kosa. Angalieni, anayehojiwa hapo ni mwandishi, wala si karani.

Nilikwenda kwa mkuu wa kazi, karani akiwapo, nikakiri. Barua iliondolewa katika jalada lake. Lakini siku alizotazamwa kama mzembe sikuweza kumrudishia.

Wanafunzi, mtajifunza lugha nyingi za kompyuta kuliko sisi. Jibu likiwa baya, washeni kifuatiliaji kwanza, ndipo mtaje jina la mtu.