TUMBO LIKIJAA KILA SIKU, TAFUTA SABABU
(Maneno ya mwanachama mmoja katika mkutano wa tawi)



Nimepewa dakika chache niseme juu ya tumbo. Naona wengine wamekwisha kucheka. Chekeni, lakini tumbo hili nusura linipokonye kazi.

Kwa miaka minne lilikuwa likijaa kama ngoma. Naingia zamu ya usiku saa mbili nikiwa mzima kabisa. Ikifika saa sita mshipi wanibana, ndani kwanguruma, sharti nikimbilie chooni. Nikitoka mara tatu, nyapara ameandika jina langu. Nikapata barua ya onyo kwamba mimi ni mvivu.

Kila mtu aliniambia, "Hivyo ni vidonda vya tumbo." Nami nikajiita mgonjwa wa vidonda, ingawa hakuna aliyenipima. Nikaacha maharagwe, nikaacha kabeji, pilipili na ndimu, nikakonda. Kila mwisho wa mwezi pesa zangu zaenda duka la dawa. Na kwa kuwa niliambiwa maziwa hupoza vidonda, nikawa nakunywa chai ya maziwa vikombe vitano, sita, kila zamu.

Mwisho nikaenda zahanati ya serikali. Kijana aliyenipokea hakunipa dawa. Aliniuliza maswali: Lajaa saa ngapi? Umekula nini kabla? Choo chako ni cha namna gani? Siku za mapumziko je? Hapo nikakwama, maana sikujua. Akaniambia ninunue daftari, niandike kila ninachokula na kunywa, na saa tumbo linapoanza, kwa majuma mawili.

Akanipima pia kijidudu cha vidonda. Ndugu zangu, vidonda ni ugonjwa wa kweli. Zamani hata madaktari walidhani vyaletwa na mawazo mengi na pilipili. Mwaka 1982 Robin Warren na Barry Marshall, wa mji wa Perth, Australia, walifaulu kuotesha kijidudu kinachokaa tumboni. Wenzao hawakusadiki, basi mwaka 1984 Marshall akakinywa yeye mwenyewe, akaugua. Mwaka 2005 wakapewa tuzo ya Nobel. Kijidudu hicho hupimwa kwa choo au kwa pumzi, na dawa zake humezwa siku 10 mpaka 14 bila kuruka. Kipimo cha damu peke yake chaweza kukudanganya, kwa kuwa alama yake hubaki hata kijidudu kikiisha kufa. Tena mwambie daktari kama unameza dawa za kupunguza asidi, maana sharti ziachwe majuma mawili kabla ya kupimwa, la sivyo kijidudu hakionekani.

Mimi sikuwa nacho. Lakini daftari lilisema waziwazi: siku za mapumziko, nyumbani kwangu ambako chai ni ya rangi, tumbo lilinyamaza. Nikaacha maziwa majuma mawili, nikapona. Nikayarudia siku moja kwa kupima, usiku ule ule ngoma ikalia. Watu wazima wengi duniani matumbo yao hayawezi kusaga sukari iliyomo katika maziwa. Hushuka ikachacha huko chini, ikatoa hewa. Ndugu zetu wafugaji wengi hawana taabu hiyo. Maziwa lala, kwa kuwa yamekwisha kuchacha, sukari yake imepungua, nami kikombe kimoja chanikubali.

Maharagwe niliyoyahukumu bure nimeyarudia. Yaloweke usiku kucha, mwaga maji yale, upike kwa maji mengine. Ila usiseme kila tumbo ni kama langu. Mwingine ni maji machafu yenye vijidudu, mwingine ni kukosa choo siku nne, mwingine anameza chakula kwa dakika tano na soda juu yake kwa sababu kengele imelia. (Juu ya hiyo dakika tano, Bwana Katibu, naomba tuzungumze na wakubwa.) Jaribu jambo moja moja. Ukiacha yote pamoja, kama nilivyofanya mimi, hutajua lipi ndilo.

Kuna jambo lisilongoja daftari. Mwenzetu mmoja wa zamu alikuwa akimeza vidonge vya maumivu ya mgongo kila siku, tumbo tupu. Tulimwambia ni hewa tu. Choo chake kilikuwa cheusi kama lami, naye aliona haya kusema. Alianguka kazini, akaongezwa damu, akanusurika. Choo cheusi, kutapika damu, kukonda bila sababu, chakula kukwama kooni: nenda hospitali siku hiyo hiyo. Na ninyi akina mama, hasa mliopita miaka 50, tumbo likianza kujaa karibu kila siku kwa majuma kadhaa, mwombe daktari apime na kizazi na mayai yake, kwa maana saratani ya huko huanza kimya hivyo.

Msiogope barua ya nyapara. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yampa mfanyakazi aliyetumika miezi miwili mfululizo siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili, na 7 tena kwa nusu mshahara, katika kila miezi 12. Toa habari mapema, ulete cheti cha daktari. Mimi sikukileta, ndiyo maana niliitwa mvivu.

Daftari langu liko mezani kwa karani. Anayetaka kuona jinsi nilivyoliandika, aje baada ya mkutano.