Gunia, Punje na Namba: Shaka ya Kipimo katika Upimaji wa Sumukuvu

Mnamo Machi 5, 2021 Kenya ilizuia mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Siku chache baadaye zuio likalegezwa kwa masharti, mojawapo likiwa kwamba shehena iambatane na cheti kinachoonyesha kuwa sumukuvu haifiki mikrogramu 10 kwa kilo, ambacho ndicho kikomo cha Jumuiya ya Afrika Mashariki. Naomba tuitazame 10 hiyo, pamoja na namba inayoandikwa kwenye cheti ili ilinganishwe nayo. Hoja yangu ni kwamba cheti kisichotaja shaka ya kipimo, yaani upana ambamo thamani ya kweli huenda imo, kimekwisha kuamua nani abebe hatari, mlaji au mkulima, na kimeamua bila kuwaambia. Sisemi hivyo kwa kuidharau sumu. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafa kwa kula mahindi yenye sumu hii. Vifo vile ndivyo vinavyotudai namba za kuaminika.

Tuanze ghalani, maana huko ndiko shaka kubwa iliko. Kuvu haienei kwa usawa. Punje nyingi huwa safi kabisa, na chache hubeba sumu nyingi ajabu. Imewahi kuripotiwa punje ya mahindi yenye zaidi ya mikrogramu 400,000 kwa kilo. Tuchukue punje moja ya namna hiyo, yenye uzito wa gramu 0.3. Ndani yake mna mikrogramu 120 za sumu. Ikisagwa pamoja na kilo 12 za mahindi safi, yaani punje zipatazo 40,000, unga wote utafikia mikrogramu 10 kwa kilo. Sasa mkaguzi anachoma bambo kwenye gunia na kutoa sampuli ya kilo moja. Akiikosa punje ile, shehena ni safi. Akiipata, maabara itasoma 120. Mkaguzi ni yule yule, gunia ni lile lile, majibu ni mawili, na hakuna aliyekosea. Ndiyo maana kanuni ya Umoja wa Ulaya Na. 401 ya mwaka 2006, iliyotumika hadi mwaka 2024, ilitaka shehena kubwa ya nafaka ichotwe mara 100 kutoka sehemu mbalimbali, mpaka zipatikane kilo 10, zisagwe na kuchanganywa vizuri kabla ya kupimwa. Hakuna mashine, hata iwe ya bei gani, inayoweza kurekebisha sampuli iliyochotwa mdomoni mwa gunia moja.

Maabarani shaka hupungua, lakini haiishi. Unga hutikiswa katika mchanganyiko wa methanoli na maji, huchujwa, kimiminika hupitishwa kwenye safu yenye kingamwili zinazonasa sumukuvu, kisha sumu iliyonaswa hupimwa kwa kromatografia. Njiani kuna kinachopotea. Kuthibitisha mbinu ni, pamoja na mengine, kujua kinapotea kiasi gani mikononi mwa maabara husika. Mpimaji huchukua unga safi, akautia sumu ya kiasi anachokijua, tuseme mikrogramu 10 kwa kilo, akaupima kama sampuli nyingine yoyote. Akipata 8, mbinu yake inarejesha asilimia 80, na majibu yake yote yasiposahihishwa yatakuwa pungufu kwa asilimia 20. Hurudia siku nyingine, kwa mpimaji mwingine, kwa chupa mpya ya kemikali, aone majibu yanatawanyika vipi. Mwaka 1980 William Horwitz, mkemia wa Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, alionyesha kwamba kadiri kitu kinachotafutwa kinavyokuwa kidogo, ndivyo maabara zinazopima sampuli moja zinavyozidi kutofautiana, karibu bila kujali mbinu. Michael Thompson aliirekebisha kanuni hiyo mwaka 2000: kwa viwango vidogo kama hivi vyetu, mtawanyiko unaotarajiwa kati ya maabara na maabara ni kama asilimia 22. Kwa jibu la 11, hiyo ni 2.4; tukizidisha kwa mbili kama ilivyo desturi, thamani ya kweli huenda iko popote kati ya 6 na 16. Na bambo bado hatujalihesabu.

Lipo pingamizi zito: ukikiri hadharani kuwa 11 huenda ni 8, umemfungulia mfanyabiashara mlango wa kukwepa sheria. Lakini mlango huo uko wazi tayari. Mfanyabiashara hukimbilia maabara nyingine, akapata 9, akaja na karatasi ya pili, na ofisa asiyejua shaka ya kipimo hana la kumjibu. Kinachoufunga ni kanuni ya uamuzi inayotangazwa kabla ya kupima, kama kiwango cha ISO/IEC 17025 cha mwaka 2017 kinavyoitaka maabara inayotamka kuwa bidhaa imefaulu au imeshindwa. Ulaya hukataa shehena pale jibu linapovuka kikomo hata baada ya kuondoa shaka; shaka humfaa mwenye mali. Kwa mahindi yanayogeuzwa ugali wa kila siku na uji wa watoto, naona tugeuze: yapite yale tu ambayo jibu lake, likijumlishwa na shaka yake, halivuki 10. Najua mkulima mwenye 8 ataumia, na ni haki alalamike. Dawa yake ni kuipunguza shaka. Sampuli ikichotwa vizuri na mbinu ikithibitishwa, upana unasinyaa, na mahindi mema mengi zaidi yanapita. Anayesema gharama hizo hatuziwezi aangalie fedha zinakwenda wapi: tunanunua mashine ya kromatografia, kisha tunaipelekea konzi ya mahindi ya juu ya gunia. Kinu kizuri, mabambo, na watumishi waliofundishwa kuchota ni rahisi kuliko mashine hiyo, na ndivyo vinavyopunguza sehemu kubwa zaidi ya shaka. Cheti cha mpakani, basi, kiandike mambo manne: jibu, shaka yake, namna sampuli ilivyochotwa, na kanuni iliyotumika kuamua.