Mali ya Mjerumani Imo Kwenye Kibubu

Ukikaa Magamba kwa muda hutakosa kusikia habari za mali ya Mjerumani. Wapo wanaoamini kwamba chini ya jengo fulani la zamani, au kwenye shina la mkuyu fulani, Wajerumani walifukia sanduku la dhahabu. Basi usiku majembe hutoka, na tapeli mwenye ramani hapati shida ya kupata wateja. Maoni yangu leo ni haya: mali yenyewe haiko shimoni. Imo kwenye kibubu cha bibi, kwenye kopo la vifungo, nayo ni sarafu za zamani ambazo wengi tunazishika bila kuzitazama.

Enzi za Wajerumani, Lushoto ikiitwa Wilhelmstal, wanaume wa milima hii ya Usambara walipewa kipande, yaani kadi ya kazi, kilichowalazimu kumfanyia mlowezi kazi siku 30 ndani ya miezi 4. Ujira ulilipwa kwa sarafu za rupia na heller, na serikali ikaudai tena kwa njia ya kodi. Sarafu zilitengenezwa Ujerumani. Yenye herufi A ilitoka Berlin, yenye J ilitoka Hamburg. Vita ya mwaka 1914 ilipozuka, Waingereza wakaziba njia ya bahari, na fedha ikaadimika.

Mwaka 1916 Wajerumani wakageuza karakana ya reli ya Tabora kuwa kiwanda cha fedha. Dhahabu ya mgodi wa Sekenke ikatoa sarafu ya rupia 15 yenye tembo. Kwa matumizi ya kila siku wakapiga heller 20, nyingine za shaba nyekundu, nyingine za shaba ya manjano.

Hapo ndipo penye utamu. Mihuri ya chuma ya kupigia sarafu hizo ilichongwa kwa mkono, na mkono haurudii kazi ile ile mara mbili. Chukua heller 20 ya Tabora, uisogeze dirishani, uishike pamoja na kioo cha kukuzia. Upande wenye mwaka, angalia taji: kuna sarafu zenye taji kubwa na zenye taji dogo. Igeuze, usome neno HELLER. Kwenye sarafu nyingine ncha za zile L mbili zimechongoka, kwenye nyingine zimejikunja. Anayejua kuzitofautisha anajua ni aina ipi ya muhuri iliyopiga sarafu aliyoishika.

Wamarekani nao wana kisa chao cha muhuri. Mwaka 1955, katika kiwanda cha Philadelphia, muhuri wa senti moja yenye picha ya Lincoln ulikandamizwa mara mbili wakati wa kuutengeneza, na mara ya pili ukawa umegeuka kidogo. Kila senti iliyopigwa na muhuri huo ikatoka na maandishi na mwaka vikiwa viwili viwili. Inakadiriwa zaidi ya 20,000 ziliingia mitaani, na leo moja iliyo katika hali nzuri huuzwa zaidi ya dola 1,000. Lakini angalia: sarafu ikitikisika tu inapopigwa, herufi nazo huonekana kama mbili, ila ile ya pili ni ukingo bapa tu, mwembamba. Hiyo wakusanyaji hawaihesabu kuwa kosa la muhuri.

Sasa, mwenye sarafu ya zamani nyumbani afanye nini? Kwanza, asiisugue kwa majivu wala limau. Kusugua huko kunafuta alama zile zile zinazoipa thamani. Pili, asimuuzie mnunuzi wa vyuma chakavu kwa uzito. Tatu, aandike kwenye karatasi: ilikuwa ya nani, alikuwa anaishi wapi, aliipataje. Rupia iliyolipwa kwa jasho la kipande, ikiwa na jina la babu aliyeipokea, ni ushahidi wa historia ya Usambara. Walimu wetu wa historia, waambieni wanafunzi waziulizie sarafu hizi nyumbani, wakati wazee wanaozijua wangali hai.

Hayo ni maoni yangu.