Mama Aliyeshonwa Tumbo Naye Apewe Arobaini Yake

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya waumini baada ya swala ya Alasiri)



Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumtakia rehema na amani Mtume wake, tungependa jioni hii tuzungumze juu ya jambo ambalo ni nadra kutajwa misikitini, nalo ni hali ya mama aliyefanyiwa operesheni ya kurekebisha tumbo lililoharibika kwa sababu ya uzazi. Huenda wapo watakaosema kwamba hayo ni mambo ya wanawake, na yaachiwe wanawake. Sisi tunasema sivyo. Mama huyo akitoka hospitali huja nyumbani kwetu, na kupona kwake kunategemea sana sisi tuliomo humu.

Kwanza tuyafahamu maradhi yenyewe. Mbele ya tumbo la mwanadamu mna misuli miwili mirefu, mmoja kushoto na mwingine kulia, iliyotoka mbavuni hadi kinenani, na katikati yake mna utepe mgumu unaoishikanisha. Mimba inapokua, utepe huo hutanuka na misuli hiyo huachana. Hili huwapata wajawazito wengi, na kwa wengi wao pengo hupungua lenyewe katika miezi ya mwanzo baada ya kujifungua. Lakini wapo ambao pengo hubaki, na kila mama anapojiinua kitandani huona tumbo limetokeza katikati mfano wa tuta. Wengine hupata ngiri ya kitovu, yaani tundu ambalo mafuta ya ndani au utumbo hupenya na kufanya uvimbe. Na aliyezaa kwa operesheni aweza kupata ngiri mahali pale pale palipo na kovu. Wanaodhani kwamba ngiri ni maradhi ya wanaume peke yao wamekosea.

Si kila tumbo la namna hii huhitaji kisu. Pengo la misuli peke yake mara nyingi hutibiwa kwa mazoezi maalumu, na madaktari hupendelea mama angoje miezi 6 hadi mwaka mmoja baada ya kujifungua kabla ya kufikiria operesheni, na ikiwezekana awe amekwisha maliza kuzaa, kwani mimba nyingine yaweza kuutanua tena ukuta ulioshonwa. Lakini ngiri ikibanwa, uvimbe ukawa mgumu na kukataa kurudi ndani, mama akashikwa na maumivu makali na kutapika, hiyo ni dharura. Apelekwe hospitali saa ile ile, hata kama ni usiku wa manane.

Sasa tuje kwenye operesheni yenyewe. Daktari huurudisha utumbo mahali pake, huushona ukuta wa tumbo, na mara nyingi huweka wavu mwembamba wa kuutia nguvu. Ngozi ya juu hufunga kwa muda wa wiki mbili hivi. Hapa ndipo watu wengi hudanganyika. Tukiona kovu limekauka na nyuzi zimetolewa, husema mgonjwa amepona. Kumbe ukuta wa ndani, ambao ndio ulioshonwa hasa, bado ni dhaifu mno. Huchukua wiki nyingi kujenga nguvu zake, na hata baada ya miezi mitatu huwa haujarudi kuwa kama ulivyoumbwa.

Tulimfahamu mama mmoja, jirani yetu, aliyeshonwa ngiri ya kitovu baada ya uzazi wake wa nne. Wiki ya tatu alikuwa akichota maji bombani kama kawaida yake. Mume wake si mtu mbaya, ila hakujua. Na sisi majirani tulimwona akipita na ndoo kichwani, tukamsalimu, tukamhongera kwa kupona haraka. Haukupita muda mrefu uvimbe ukarudi, na ikambidi kulazwa kwa operesheni ya pili, iliyokuwa kubwa kuliko ya kwanza. Tangu siku hiyo zile hongera zetu zimekuwa zikituuma. Tulikuwa na mikono, nasi hatukuinyoosha kuipokea ile ndoo.

Basi tuufahamu uzito wa mambo. Kwa kawaida mgonjwa wa namna hii huambiwa asinyanyue kitu kinachozidi kilo 5 kwa muda wa wiki 6 hivi, au zaidi kama daktari wake atakavyoona. Ndoo ya lita 20 ikijaa maji ina kilo 20, yaani mara nne ya kipimo hicho. Mtoto wa mwaka mmoja hukaribia kilo 10. Kutwanga, kufua mashuka, kusonga ugali wa watu kumi na kukokota gunia la mkaa, yote hayo ni hatari kwake. Akitaka kumpakata mwanawe, na akae kwanza, kisha mtu mwingine amnyanyue mtoto na kumweka mapajani pake.

Wala hatusemi alale tu kitandani. Kulala mno huganda damu miguuni, na damu iliyoganda yaweza kuua. Atembee polepole ndani ya nyumba tangu siku za mwanzo, kila siku akizidisha kidogo. Akiinuka kitandani, ageukie ubavu kwanza, ashushe miguu, kisha ajisukume kwa mikono. Akikohoa au kupiga chafya, aukumbatie mto juu ya mshono. Anywe maji ya kutosha, ale papai, mboga za majani na maharage, ili asijikamue chooni, kwani kujikamua nako huuvuta mshono.

Mama zetu wa pwani wana mila ya kumfunga mzazi mkaja na kumkanda kwa maji ya moto. Mkanda wa tumbo waweza kumsaidia aliyeshonwa asione maumivu makali anapotembea, lakini na aufunge kwa idhini ya daktari, tena si wa kumkaba. Ama kukandwa kwa maji ya moto juu ya kidonda cha operesheni, hilo liachwe kabisa.

Na katika ibada, dini yetu haikumtwisha mgonjwa asiloliweza. Asiyeweza kusimama au kusujudu huswali ameketi, kwa ishara. Ambaye maji yatamdhuru kidonda ana ruhusa zake. Na ikimkuta Ramadhani naye ni mgonjwa, atalipa siku nyingine. Mume asimwone mkewe ameketi kwenye kiti akiswali akadhani ni uvivu.

Homa, usaha, wekundu unaoenea, uvimbe kurudi, mguu mmoja kuvimba na kuuma, au pumzi kubana: likitokea lolote katika haya, arudishwe hospitali bila kungoja.

Ndugu waumini, wazee wetu walimpa mzazi siku arobaini. Katika siku hizo alipikiwa uji wa pilipili manga, alichotewa maji, alifuliwa nguo, na hakuna aliyemwita mvivu. Siku arobaini ni karibu sawa na zile wiki 6 wanazotaja madaktari. Lakini mama aliyeshonwa tumbo hana mtoto mchanga wa kuonyesha watu, kwa hiyo hakuna anayekumbuka kumpa arobaini yake. Kidonda alichokipata kwa kutuzalia watoto hukiuguza peke yake, huku akiinama juu ya karai la nguo.

Tunaomba basi kila mume mwenye mke katika hali hiyo aichukue ndoo yeye mwenyewe, na wala asione haya. Vijana wetu wa kiume wafundishwe kufua na kupika. Wifi na mama mkwe wapange zamu. Na sisi majirani, tukimwona mgonjwa amebeba mzigo, tuupokee kwanza, ndipo tumsalimu.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu wote, na atujaalie kuwa wenye huruma kwa wake zetu na mama zetu. Amin.

Wassalaam alaykum wa rahmatullahi wa barakatuh.