MANENO YA SHERIA: TUYAJUE KABLA YA KUWEKA DOLE GUMBA
(Mada iliyosomwa na Kamati ya Elimu siku ya sherehe ya miaka kumi ya kikundi)



Kwa miaka kumi tumejifunza kununua hisa, kuandika daftari na kudai marejesho bila kugombana. Leo tumeombwa tuzungumzie maneno ya sheria. Msishtuke, hatutaki kumfanya mtu wakili. Tunataka kila mama ajue anachotia sahihi, maana neno moja tu linaweza kuondoka na shamba.

Mnamkumbuka mwenzetu mjane aliyeletewa karatasi na mtu aliyetaka kulima vitunguu shambani kwake msimu mmoja. Pesa ziko mezani, wino uko tayari. Binti yake akaisoma: "nimemuuzia". Kumbe! Walizungumza kukodisha, karatasi inasema kuuza.

Basi tuanzie hapo.

KUKODISHA ni kumpa mtu atumie kwa muda. Shamba linabaki lako. KUUZA ni kuachia moja kwa moja, na kwa ardhi ya kijiji kunahitaji kibali cha halmashauri ya kijiji. REHANI ni kuweka mali kwa ajili ya deni. Ukishindwa kulipa, inaweza kuuzwa. Kwa hiyo karatasi itaje muda, mipaka, kiasi cha pesa na mashahidi.

SHAHIDI anathibitisha kwamba aliona. MDHAMINI ni mwingine kabisa: amejifunga kulipa deni mkopaji asipolipa. Jamani, tusidhaminiane kwa kuoneana haya.

RIDHAA ni kukubali kwa hiari, ukijua unachokubali. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema mume au mke asiuze wala kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Ukiletewa fomu ya mkopo ukaambiwa "weka sahihi tu hapa", huenda ridhaa yenyewe ndiyo hiyo.

MSIMAMIZI WA MIRATHI wengi hudhani ndiye mrithi wa vyote. Sivyo. Ukoo humpendekeza, lakini mahakama ndiyo inayomteua. Anakusanya mali ya marehemu, analipa madeni, anawagawia warithi, kisha anapeleka hesabu mahakamani. Ni kama mweka hazina wetu: pesa anazishika, lakini si zake.

Yapo pia maneno ya kututisha, kwamba kimila mwanamke hana kauli juu ya ardhi. Hilo lilishafika mahakamani. Mama mmoja wa Kihaya, Holaria Pastory, aliuza shamba alilorithi kwa baba yake kwa wosia. Mtu wa ukoo wake akamshtaki, akidai mila haimruhusu mwanamke kuuza ardhi ya ukoo. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, aliamua kuwa mila hiyo inambagua mwanamke kinyume cha Katiba, na mama yule akashinda. Baadaye Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ikaandika wazi kuwa haki ya mwanamke kupata, kumiliki na kutumia ardhi ni sawa na ya mwanaume. Sheria hiyo hiyo inataka baraza la ardhi la kijiji liwe na wajumbe saba, watatu kati yao wanawake. Viti hivyo ni vyetu, tuvikalie.

Ndugu zetu, tunapendekeza jambo moja. Mwanachama akiletewa karatasi yoyote ya mali au deni, asitie sahihi siku hiyo hiyo. Ailete mkutanoni isomwe kwa sauti, neno kwa neno. Mwenye nia njema atasubiri. Karatasi si kitunguu, haiozi kwa kulala siku mbili.

Yule mjane bado analima shamba lake. Tunataka ifike miaka ishirini kila mmoja wetu awe bado na lake.